Kituo cha matetemeko nyumbani kwako Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ardhi ikitikisika Dodoma, hata kidogo, simu zetu sisi wenye vituo vya mitetemo hujaa maswali, na mengi yanajirudia. Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kuweka kituo chake mwenyewe cha kupima mitetemo nyumbani, shuleni au ofisini. Ni wa majirani pia, wale wanaojiuliza kile kiboksi sakafuni kinafanya kazi gani. Majibu nimeyaandika mimi ninayeendesha kituo, kwa hiyo maoni yangu utakutana nayo humo.

Kwani Dodoma kuna matetemeko?

Yapo, tena ya kwetu wenyewe, si yale tu yanayotufikia kutoka mbali. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linaingia Tanzania upande wa Ziwa Natron, linapita Manyara, kisha linaanza kutawanyika. Sehemu yake inashuka kusini kupitia Kondoa na milima ya Chenene hadi Bahi na Hombolo. Ukisafiri kwenda Manyoni, baada ya kuvuka tambarare ya Bahi unapanda ukuta wa ardhi upande wa Saranda na Kilimatinde. Wengi hupita pale wakiwaza breki za malori tu. Ukuta ule umetokana na mpasuko: upande mmoja wa ardhi ulishuka, mwingine ukabaki juu.

Mwaka 2008 Athanas Macheyeki na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mipasuko hai ya eneo la Dodoma, ikiwamo Mponde, Saranda, Bubu na Hombolo. Miaka sita kabla ya hapo, tarehe 4 Novemba 2002, tetemeko la ukubwa wa takriban 5.5 lilitikisa Dodoma, na watu wazima wa mji huu wanalikumbuka. Kwa kulinganisha, lile la Kagera la 10 Septemba 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba, lilikuwa la 5.9. La Rukwa la 13 Desemba 1910 lilikuwa la takriban 7.4, na ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika.

Mtu akikuambia Dodoma iko juu ya mwamba mgumu wa kale, anasema kweli. Mwamba huo una zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Lakini kingo zake zinapasuka, na sisi tunaishi karibu na kingo.

Taasisi ya Jiolojia (GST) ipo hapa hapa Dodoma na ina vituo vyake. Changu kitaongeza nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu anayeliuliza amefikiri.

Vyombo vya GST ni bora kuliko chochote utakachoweka wewe sebuleni. Vinasikia mitetemo ya polepole ambayo chombo chako hakitaiona kamwe. Ila vyombo bora ni ghali, kwa hiyo ni vichache, na kati ya kimoja na kingine kuna umbali mkubwa. Tetemeko dogo, tuseme la ukubwa wa 2, hufifia kabla ya kufika kwenye vituo vya kutosha. Linaweza kutikisa masufuria Chipanga au Hombolo na lisiandikwe popote kama tukio lenye mahali na ukubwa wake. Na hayo madogo ndiyo yanayotokea mara nyingi, na ndiyo yanayochora mpasuko uko wapi na unakwenda kina gani.

Angalia Haiti. Baada ya maafa ya 2010, wanasayansi, Eric Calais akiwa mmoja wao, walisambaza vipima mitetemo vidogo vya bei nafuu kwenye nyumba za watu wa kawaida. Tarehe 14 Agosti 2021 lilipokuja tetemeko la 7.2, vyombo hivyo vya majumbani ndivyo vilivyokuwa karibu na tukio na vilivyotuma takwimu wakati huo huo, na matokeo yake yakachapishwa 2022 katika jarida la *Science*. Wenye nyumba hawakuwa wanajiolojia. Walichotoa ni kipande cha sakafu, umeme na intaneti, na wakakiacha chombo kifanye kazi yake.

Kwa hiyo kituo chako hakishindani na cha serikali. Kinajaza pengo. Ukikiweka Chamwino, Kongwa, Mpwapwa au Chemba kinajaza pengo kubwa zaidi kuliko ukikirundika na vingine katikati ya mji. Nikiwa na uwezo wa kuchagua nani aanze kesho, nitamchagua mwalimu wa sekondari huko Bahi kabla ya mhandisi wa Area D.

Nianze na chombo gani?

Kwa asiyetaka kushika chuma cha kuunganishia waya, chombo kinachotumika zaidi duniani ni Raspberry Shake, kilichoanza 2016 na kinachotengenezwa Panama. Ndani kuna jiofoni, yaani sumaku na koili ya waya wa shaba, kimoja kikining'inia kwa springi. Ardhi ikisogea, kimoja kinasogea na kingine kinachelewa, na tofauti hiyo inazalisha umeme mdogo sana. Kuna ubao wa kuugeuza umeme huo kuwa tarakimu, mara 100 kwa sekunde, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ya kuhifadhi na kutuma.

Aina ya kwanza ina jiofoni moja inayopima kupanda na kushuka. Ya 3D ina jiofoni tatu, inapima pande zote. Ya 4D ina jiofoni moja pamoja na vipima mchapuko vitatu, ambavyo husaidia tetemeko likiwa kali na karibu, jiofoni inapofika mwisho wa uwezo wake. Kwa Dodoma, ukiwa na hela ya kimoja tu, chukua chenye jiofoni moja. Kwa tofauti ya bei, mshawishi mtu wa wilaya nyingine naye aweke chake. Vituo viwili vya kawaida katika sehemu mbili vina faida kuliko kimoja kizuri.

Bei ni mamia ya dola za Marekani, na juu yake kuna usafiri, ushuru wa forodha na VAT. Piga hesabu yote kabla hujaagiza. Mnaweza kuchangishana. Shule, kanisa, msikiti au SACCOS inaweza kumiliki kituo bila tabu.

Naweza kuunda mwenyewe?

Unaweza, na kwa mwanafunzi wa fizikia hakuna somo tamu kuliko hilo. Jiofoni ya hezi 4.5 inauzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko kituo kamili. Utahitaji kikuza mawimbi, kigeuzi cha umeme kuwa tarakimu, cha biti 24 ukiweza kukipata, na kompyuta ndogo.

Njia ya zamani zaidi ni pendulumu ya mlalo, ambayo wapenzi wa fani hii nje huiita Lehman. Ni mkono wa chuma unaobembea kama geti kwenye bawaba, ukiwa na uzito mwishoni na sumaku inayopita karibu na koili. Geti likiinamishwa kidogo mno, linachukua sekunde 15 au 20 kwenda na kurudi, na hapo ndipo linapoweza kuona mawimbi marefu ya matetemeko ya mbali ambayo jiofoni ndogo huyaona kwa shida. Vyuma, fundi wa kuchomelea na sumaku ya spika mbovu vyote vinapatikana hapa hapa mjini. Usisahau kizuizi cha kutuliza mbembeo, iwe bamba la shaba kati ya sumaku au kasia dogo ndani ya mafuta. Bila hicho mkono utaendelea kubembea muda mrefu baada ya ardhi kutulia, na mchoro wako utakuwa hadithi ya mkono, si ya ardhi.

Nikiweke wapi?

Hapa ndipo kituo kinapofaulu au kushindwa, kwa hiyo sitaharakisha.

Dodoma tuna bahati ya mawe. Ntyuka, Mlimwa, Itega na kwingineko, mwamba unachomoza juu kabisa. Nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, yenye sakafu ya zege iliyomwagwa moja kwa moja juu yake, ni mahali pa kutamanika. Kwenye udongo mwekundu mlegevu au mchanga wa korongo, mawimbi yanakuzwa na kupotoshwa. Ukiwa huna jinsi, chimba hadi ufikie ardhi ngumu, mwaga zege dogo lisilogusana na msingi wa nyumba, na uweke chombo juu yake.

Ghorofa ya chini daima. Ghorofa ya juu inapima kuyumba kwa jengo. Kaa mbali na friji, pampu ya maji, feni na mlango unaobamizwa. Mti mkubwa ulio jirani ni adui usiyemtarajia: kuanzia Juni upepo wa Dodoma ukichachamaa, mizizi inavuta ardhi na mchoro wote unanenepa. Nguzo ya bendera na mnara wa tangi la maji hufanya vivyo hivyo. Kusaka tetemeko dogo mahali pa namna hiyo ni sawa na kusikiliza mnong'ono kando ya mashine ya kusaga.

Weka chombo moja kwa moja kwenye sakafu, si mezani, si kwenye zulia. Tumia pima maji, ile ile ya fundi ujenzi, hadi povu likae katikati, maana jiofoni iliyoinama haipimi sawasawa. Elekeza alama ya kaskazini panapostahili. Funika kwa boksi ili hewa ya mlangoni na mabadiliko ya joto visikiguse. Kisha ziba kila tundu. Mchwa wa Dodoma wanapenda giza na uvuguvugu. Wakipata upenyo wa waya wataingia na kujenga njia yao ya udongo hadi juu ya springi, na utaona mchoro unakufa polepole bila kujua kwa nini. Majivu na silikoni kuzunguka waya vinasaidia. Kufungua na kukagua kila mwezi kunasaidia zaidi.

Nimepanga. Mwenye nyumba ataniruhusu?

Mwambie mapema, kwa heshima, kabla hajaona waya. "Shikamoo mama. Naomba niweke kifaa kidogo pale kona ya stoo, kinapima ardhi ikitikisika. Hakina kelele, hakili umeme." Akiuliza kama kinaleta matetemeko, usicheke. Mwonyeshe mchoro kwenye simu, mwambie apige mguu sakafuni, aone alama yake mwenyewe ikitokea. Wenye nyumba wengi huwa walinzi wa kituo kuliko mpangaji.

Kinasikia tunayozungumza?

Hapana. Kinachukua sampuli 100 kwa sekunde za mtikisiko wa sakafu, na sauti ya maneno haiwezi kusomeka humo. Kinachoweza kuonekana ni shughuli: saa ngapi watu wanaamka, saa ngapi nyumba ni tupu. Kwa sababu hiyo mtandao wa Raspberry Shake hauonyeshi hadharani mahali kamili pa nyumba yako, unasogeza kidogo. Wewe pia usiposti picha ya nyumba pamoja na namba ya kituo.

Umeme ukikatika? Na bando?

Kituo kinatumia wati chache tu, kwa hiyo LUKU haitakulilia. Shida ni kukatika na kurudi kwa umeme. Kompyuta ndogo ikizimwa ghafla mara kwa mara, kadi ya kumbukumbu huharibika. Betri ndogo yenye sola inatosha, au UPS ya ofisini. Weka kadi nzuri, na uwe na nakala yake ya ziada kwenye droo.

Kuhusu bando: sampuli 100 kwa sekunde ni 8,640,000 kwa siku. Kila moja ikichukua baiti tatu, ni kama megabaiti 26 kwa siku kwa mkondo mmoja kabla ya kubanwa. Kutuma moja kwa moja kwenye intaneti huongeza mzigo kidogo. Ukiwa na intaneti ya mwezi ya nyumbani hutahisi. Ukitegemea laini ya simu, pima wiki ya kwanza ndipo uchague kifurushi. Na intaneti ikikatika usikizime kituo: kinaendelea kuandika kwenye kadi, na takwimu hizo unaweza kuzichukua baadaye.

Kwa nini mnasisitiza sana saa?

Kwa sababu wimbi la kwanza la tetemeko husafiri karibu kilomita sita kwa sekunde kwenye miamba ya juu. Saa yako ikikosea sekunde moja, umelisogeza tetemeko kilomita kadhaa. Chombo hujirekebisha kwa saa za intaneti, na hilo linatosha mjini. Kijijini ambako mtandao unakuja na kuondoka, funga kipokezi cha GPS.

Kisha kuna saa ya kuandikia. Vituo vyote duniani hutumia UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, nasi tuko saa tatu mbele yake. Juu ya hapo tunahesabu saa zetu kuanzia asubuhi. Tetemeko la Kagera lilitokea saa 12:27 UTC. Hiyo ni 15:27 ya Afrika Mashariki, yaani saa tisa na dakika 27 alasiri. Mtu akisoma "12:27" akadhani ni saa sita na nusu mchana, au saa kumi na mbili jioni, ataanza kubishana na majirani kwamba hakuna kilichotokea. Katika kumbukumbu zako andika UTC pekee. Ukimwambia jirani, mwambie kwa saa ya Kiswahili.

Mchoro umejaa mistari. Nitajuaje lipi ni tetemeko?

Utajifunza kwanza yasiyo tetemeko. Yape miezi michache.

Jioni utaona vialama vikali vinavyofuatana kwa nafasi sawa, karibu kila sekunde, kwa dakika kadhaa, kisha kimya, kisha tena. Hicho ni kinu. Wakitwanga wawili kwa kupokezana, vialama vinakuwa jozi, kimoja kirefu kuliko kingine kwa sababu mikono haina nguvu sawa. Binafsi naupenda sana mchoro huo, na nimemwonyesha jirani yangu mchi wake. Sasa kila tukionana asubuhi ananiuliza, "Mwanangu, ardhi imelalaje?"

Treni ya SGR ni tofauti. Inaanza kama ukungu mwembamba, inanenepa taratibu, inafika kilele, inapungua vile vile. Haina mwanzo mkali. Tangu safari za abiria za Dar es Salaam hadi Dodoma zianze 2024, mwenye kituo karibu na reli anaweza kusema treni imechelewa bila kutoka chumbani. Malori ya barabara kuu hutoa umbo kama hilo, lakini fupi.

Baruti za machimbo ya kokoto ndizo zinazodanganya hata wazoefu. Zina mwanzo mkali kama tetemeko. Ila hutokea mchana, siku za kazi, kutoka upande ule ule, na wimbi lake la pili huwa dhaifu. Ukipata "matetemeko" mengi saa za kazi na hakuna hata moja Jumapili, tafuta chimbo.

Tetemeko la jirani linaanza ghafla na wimbi la P, yaani lile la kwanza, dogo lakini kali. Sekunde chache baadaye linakuja wimbi la S, kubwa zaidi, kisha mkia unaopungua polepole. Ukiliona mara moja hutalisahau. Kwa kutazama tumia SWARM, programu ya bure ya shirika la jiolojia la Marekani, USGS. Kama unajua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, zana zake za mitetemo ziitwazo ObsPy zitakufungulia mlango mpana.

Hata usiku mtulivu kabisa, mstari haunyooki. Mawimbi ya bahari yanayopigana yanatikisa dunia nzima kwa mapigo ya sekunde kadhaa, na vyombo vyenye hisia kali vinayaona hata hapa bara, mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi.

Naweza kujua limetokea wapi?

Umbali, ndiyo, kwa kituo kimoja. Hesabu sekunde kati ya P na S, zidisha kwa nane, utapata kilomita kwa makadirio. Sekunde nne ni kama kilomita 32, karibu na umbali wa Hombolo kutoka mjini. Sekunde 17 hivi ni karibu kilomita 140, umbali wa Kondoa. Lakini kilomita 140 inaweza kuwa kaskazini au kusini. Vituo vitatu vikichora kila kimoja duara la umbali wake, pale maduara yanapokutana ndipo kitovu. Ndiyo maana tunabembeleza watu wa wilaya nyingine.

Ukubwa nao una mtego wake. Kila namba ikipanda kwa moja, mtikisiko unaoandikwa huongezeka mara kumi na nishati karibu mara 32. Tetemeko la 6 halilingani na la 4 mara mbili. Linalizidi nishati karibu mara elfu.

Kituo cha Dodoma kinaweza kuona matetemeko ya nje?

Makubwa, ndiyo. Tetemeko la 7.8 la Uturuki, 6 Februari 2023, lilitokea saa kumi na dakika 17 alfajiri kwa saa yetu, ambayo ndiyo saa ya Uturuki pia. Wimbi la kwanza huchukua takriban dakika nane kutoka kule hadi Dodoma, likipita ndani kabisa ya dunia, chini ya bahari, jangwa na nyanda zote zilizo katikati. Jiofoni ndogo inakata sehemu ya polepole ya mawimbi hayo lakini mwanzo wake unaonekana. Sijawahi kuchoka kuwaza hilo: jiwe la Uturuki na sakafu ya Ntyuka ni ardhi moja.

Kinaweza kutabiri?

Hapana. Hakuna mtu wala chombo popote duniani kinachoweza kusema tetemeko litakuja siku fulani mahali fulani. Anayekuambia hivyo, awe na shahada au asiwe nayo, usimsambaze.

Tulisikia kishindo usiku lakini hatukutikisika. Ni volkano?

Tetemeko dogo lililo karibu na juu hutoa kishindo, kwa sababu mawimbi yakifika usoni mwa ardhi huingia hewani kama sauti. Inaweza kuwa hivyo, au baruti, au radi ya mbali. Tuandikie dakika na mtaa, tutatazama.

Volkano huwa jibu la haraka la watu, na linaumiza. Maporomoko ya tope ya Hanang ya 3 Desemba 2023 yaliyoua watu wengi Katesh yalifuatia mvua kubwa iliyolegeza sehemu ya mlima, lakini uvumi wa volkano ulitangulia maelezo. Watu waliopoteza ndugu walistahili ukweli mapema kuliko uvumi.

Nikiona tetemeko, nitangaze kwenye magrupu?

Eleza ulichopima, basi: "Kituo changu kimeandika mtikisiko saa nne na dakika kumi usiku, kwa makadirio kilomita 60 kutoka hapa." Usitaje kitovu kwa kituo kimoja. Usitaje ukubwa kabla ya kulinganisha na wenzako. Usiseme "kubwa zaidi linakuja". Kusambaza taarifa za uongo mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini hata kama sheria isingekuwapo, kuna mama mwenye watoto wachanga anayeusoma ujumbe wako usiku huo na kuamua walale nje kwenye baridi. Tangazo la tahadhari ni la serikali. Wewe wape GST na chuo kikuu takwimu.

Sina hela ya chombo. Nifanyeje?

Ripoti unavyohisi. USGS wana fomu ya "Je, ulihisi?" tangu 1999, na kituo cha Ulaya cha EMSC kina programu ya simu, LastQuake. Andika taa ziliyumba, vyombo vilianguka, ukuta ulipasuka. Kwa tetemeko la katikati ya Tanzania ripoti kumi za kweli kutoka vijiji kumi zina thamani kubwa. Waulize pia wazee na uandike majibu yao pamoja na mwaka na mahali. Mtu anayekumbuka kwamba kisima kilikauka mwaka fulani anaweza kuwa anakueleza tetemeko lisiloandikwa.

Tetemeko likitokea niko nyumbani, nikatazame mchoro?

Mchoro utakusubiri. Inama, ingia chini ya meza imara, jishikilie, kinga kichwa. Usikimbilie ngazi wala usisimame mlangoni. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na nyaya.

Kwenye nyumba ya tembe mambo ni mengine. Paa lake la udongo ni zito mno, na nguzo zikiteleza linaanguka lote kwa pamoja. Ukiwa karibu kabisa na mlango, toka. Wazazi wetu wengi bado wanalala chini ya mapaa hayo huko vijijini, na kwa maoni yangu kukagua nguzo na kupunguza udongo juu kabla ya masika ni kazi yenye faida kuliko kituo chochote. Kuta za matofali ya kuchoma zisizo na linta nazo zinahitaji jicho. Fundi anayekuambia linta ni gharama ya bure, mwache.

Shule inaweza kuendesha kituo?

Inaweza, na inafaa kuliko nyumba, kwa sababu shule haihami. Mkabidhi mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wa kidato cha pili, ili watakapohitimu wawe wamefundisha wengine. Funga chombo stoo, mbali na uwanja wa mpira. Wanafunzi wafanye daftari la kila siku: saa kwa UTC, walichoona, wanachodhani ni nini. Waache wakosee treni na baruti kwanza. Wakati wa likizo mlinzi aelekezwe asiichomoe soketi kuchaji simu. Huo ndio mwisho wa vituo vingi vya shule.

Nikihama au nikichoka?

Kituo kinachosogezwa kimya kimya ni kibaya kuliko kilichozimwa, kwa sababu kinaendelea kudai kiko pale kilipokuwa. Ukihama, badilisha mahali kwenye mipangilio siku hiyo hiyo na uandike tarehe. Ukichoka, tuambie kabla ya kuchomoa: huenda kuna mtu Kibaigwa au Mvumi anayesubiri chombo. Nakili kadi yote kwanza, kisha iweke pamoja na kituo, na karatasi yenye namba yake inayoanza na R, mahali kilipokaa, na tarehe kilipoanza na kuishia.